Muziki Dhidi ya Upepo: Kichakataji cha Ishara na Amplifaya Katika Pikipiki

Miongoni mwa vyombo vyote vya usafiri vinavyofungwa redio, pikipiki ndiyo ngumu zaidi kuipatia sauti nzuri, kwa kuwa haina kuta wala paa la kuikusanya sauti mahali alipo msikilizaji, haina milango ya kuzuia kelele za nje, na umeme inaouzalisha ni mchache ukilinganishwa na wa gari dogo la kawaida. Hata hivyo, nchini Marekani, ambako pikipiki kubwa za safari ndefu huendeshwa zaidi kwa starehe kuliko kwa kazi, kumezuka ufundi mzima wa kuboresha mifumo ya sauti ya pikipiki hizo, wenye mafundi wake, viwanda vyake na mashindano yake. Katika ufundi huo vifaa viwili vimeshika nafasi ya mbele: amplifaya, yaani kifaa kinachoikuza ishara dhaifu ya umeme itokayo kwenye redio hadi iwe na nguvu ya kuisukuma spika, na kichakataji cha ishara, yaani kompyuta ndogo ambayo huigeuza ishara hiyo kuwa tarakimu, huirekebisha, kisha huirudisha katika umbo la umeme kabla haijafika kwenye amplifaya. Wanunuzi wengi huanza na amplifaya, kwa sababu wati ni bidhaa inayojiuza yenyewe. Lakini anayeufahamu mwenendo wa sauti mbele ya upepo atakubali kwamba kichakataji ndicho kinachostahili kutangulia, na kwamba amplifaya kubwa isiyotanguliwa nacho mara nyingi huzidisha makelele tu.

Desturi ya kubeba muziki juu ya magurudumu mawili ilikua pamoja na gamba la mbele, ile ngao pana ya plastiki inayomkinga mwendeshaji na upepo, kwani ndani yake ndimo palipopatikana nafasi ya kuweka redio na spika zinazomwelekea yeye. Harley-Davidson iliweka gamba la aina hiyo, lenye umbo la mbawa za popo, kwenye Electra Glide ya mwaka 1969, na mwaka 1980 Honda ikatoa Gold Wing ya aina ya Interstate, pikipiki ya safari ambayo mnunuzi aliweza kuagiza ikiwa na redio ya stirio. Baadaye zikaja Road Glide na Street Glide za Harley-Davidson, pikipiki zenye masanduku magumu ya pembeni ambayo mafundi waligundua kwamba vifuniko vyake vinaweza kutobolewa na kupachikwa spika za umbo la yai za inchi 6 kwa 9, huku spika za duara za inchi 6 na nusu zikibaki kwenye gamba. Viwanda havikukaa kimya: tangu mwaka 2021 Harley-Davidson imekuwa ikiuza spika na amplifaya zilizotengenezwa kwa ushirikiano na Rockford Fosgate, kampuni ya Arizona iliyojipatia jina kwa amplifaya za magari. Katika mikutano mikubwa ya waendesha pikipiki, kama ule wa Sturgis katika jimbo la South Dakota ulioanza mwaka 1938, pikipiki zenye spika nane au zaidi si jambo la kushangaza tena.

Adui wa kwanza wa mfumo wowote wa sauti wa pikipiki ni upepo, na nguvu ya adui huyo hudharauliwa na wengi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho hakipandi kwa mstari ulionyooka: kuongezeka kwa desibeli 3 maana yake ni nguvu ya sauti kuwa maradufu, na kuongezeka kwa desibeli 10 ni nguvu kuzidi mara kumi, ingawa sikio la binadamu huiona sauti hiyo kuwa imekua mara mbili tu. Vipimo vilivyochukuliwa ndani ya helmeti za waendesha pikipiki vimeonyesha kelele ya upepo ikifika na hata kupita desibeli 100 mwendo unapokaribia kilomita 120 kwa saa. Ili muziki usikike juu ya kelele kama hiyo, spika inapaswa kutoa sauti ambayo ndani ya chumba isingevumilika. Na kwa kuwa hapa hakuna kuta za kuirudisha sauti kwa msikilizaji, kila umbali unapoongezeka maradufu kutoka kwenye spika, desibeli zipatazo 6 hupotelea hewani.

Ubaya wa upepo hauishii kwenye ukubwa wa kelele yake. Sehemu kubwa ya kelele hiyo iko katika masafa ya chini, yaani mitetemo michache kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi, na humo ndimo yanamokaa mapigo ya ngoma na gitaa la besi. Mwendeshaji anapofika barabara kuu husikia besi imetoweka, muziki umebaki na ukali wa juu tu, na jambo la kwanza analolifanya ni kuongeza besi kwenye redio. Hapo ndipo spika nyingi huharibika. Spika inayotakiwa kutoa hezi 50 kwa ukubwa uleule iliotolea hezi 100 hulazimika kuusogeza utando wake mara nne zaidi mbele na nyuma, na spika ya inchi 6 na nusu haina nafasi ya kusogea kiasi hicho. Hugonga mwisho wa mwendo wake, sauti hukwaruza, na koili, ule uzi wa shaba unaopitisha umeme ndani ya sumaku, hupata joto bila kutoa muziki wowote wa maana. Mwendeshaji hudhani kwamba nguvu haitoshi, akanunua amplifaya kubwa zaidi, na spika ya pili nayo ikafa mapema kuliko ya kwanza.

Dawa ya hali hiyo ni kuamua ni sauti zipi zipelekwe kwenye spika na zipi zizuiwe, na kazi hiyo ndiyo msingi wa kichakataji. Ishara ya umeme kutoka kwenye redio huingia humo na kupimwa maelfu ya mara kila sekunde, kwa kawaida mara 48,000 au zaidi, na kila kipimo huandikwa kama tarakimu. Kiwango hicho kinatosha kwa sababu kanuni za mawasiliano zinaeleza kwamba wimbi huweza kurejeshwa kikamilifu iwapo litapimwa zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, na sikio la kijana mwenye afya husikia hadi takriban hezi 20,000. Sauti ikishakuwa tarakimu, kuibadilisha ni suala la hesabu, na hesabu haichoki wala haiathiriwi na joto kama zilivyokuwa koili na kapasita ambazo mafundi wa zamani walizitumia kwa kazi hiyohiyo.

Hesabu ya kwanza ni ya kuchuja. Kichujio cha kupitisha masafa ya juu huruhusu sauti zilizo juu ya mpaka uliochaguliwa na kuzididimiza zilizo chini yake, na kwa spika za gamba la pikipiki mpaka huo huwekwa mara nyingi kati ya hezi 80 na 120. Aina inayopendwa ni ile iliyopewa majina ya wahandisi Siegfried Linkwitz na Russ Riley waliokuwa katika kampuni ya Hewlett-Packard, ambayo katika umbo lake la kawaida hushusha sauti kwa desibeli 24 katika kila oktavu, yaani kila hatua ambayo masafa hupungua kwa nusu. Ikiwekwa mpaka wa hezi 100, nguvu inayofika kwenye spika katika hezi 50 huwa chini ya sehemu moja kwa 250 ya ile ya awali, kiasi kwamba spika hupumzika kabisa na kazi isiyoiweza, na nguvu yote ya amplifaya hubaki kwa sauti ambazo upepo hauwezi kuzimeza kwa urahisi. Kitu cha kushangaza, kwa asiyezoea, ni kwamba baada ya besi kukatwa hivyo muziki husikika mkubwa zaidi, kwa sababu sasa mwendeshaji anaweza kupandisha sauti bila kukwaruza. Kichujio hichohicho kikitumiwa upande wa pili huzigawa kazi: sauti za kati kwenye spika kubwa, sauti kali kwenye twita au kwenye spika ya pembe, ambayo koo lake linalopanuka huielekeza sauti kwa msikilizaji badala ya kuiacha itawanyike.

Hesabu ya pili ni ya kusawazisha, na hapa ndipo faida ya kichakataji inapozidi ile ya kifaa kingine chochote. Redio nyingi zinazotoka kiwandani na pikipiki hazitoi ishara nyoofu. Zimepangwa kuficha udhaifu wa spika za kiwandani, zikiinua baadhi ya masafa na kushusha mengine, na nyingine hupunguza besi kadiri sauti inavyopandishwa ili kuzilinda spika hizo. Mwenye pikipiki anapobadilisha spika na kuacha redio ileile, marekebisho yaliyokusudiwa kwa spika za zamani huendelea kufanya kazi juu ya mpya, na matokeo yake ni sauti ya ajabu ambayo lawama yake humwangukia mtengenezaji wa spika bila haki. Fundi aliye makini hupima kwanza ishara ya redio, akaamuru kichakataji kiifute mipindo hiyo, kisha akapiga kupitia spika kelele maalumu ya majaribio ambayo nguvu yake imegawanywa sawa katika kila oktavu, huku maikrofoni ikiwa imewekwa mahali ambapo kichwa cha mwendeshaji hukaa. Skrini humwonyesha ni masafa gani yamezidi na gani yamepungua, na kanuni yake ni kupunguza yaliyozidi kabla ya kuongeza yaliyopungua, kwani kuinua eneo moja kwa desibeli 6 hudai nguvu mara nne katika eneo hilo, nguvu ambayo pikipiki kwa kawaida haina.

Vichakataji vingi vya sasa hupangwa kwa simu kupitia mawasiliano ya Bluetooth na huweza kuhifadhi mipangilio kadhaa, jambo ambalo kwenye pikipiki lina maana kubwa kuliko kwenye gari, kwa sababu sauti iliyosawazishwa vizuri pikipiki ikiwa imesimama huwa hafifu katika sehemu za kati mara mwendo unapopanda. Mpangilio mmoja wa kuegesha na mwingine wa barabara kuu si anasa. Kwa upande mwingine, uwezo wa kuchelewesha sauti ya spika moja ili ifike sikioni pamoja na ya nyingine, ambao wauzaji huusifu sana, hauna uzito mkubwa hapa: dereva wa gari huketi karibu na spika za upande mmoja, bali mwendesha pikipiki huketi katikati, na tofauti pekee ya kurekebisha ni ile ya spika za mbele na za nyuma. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, tofauti ya sentimita 60 hufidiwa kwa ucheleweshaji usiofika sehemu mbili kwa elfu za sekunde, na juu ya upepo wa barabara kuu ni wachache watakaoitambua.

Baada ya ishara kutengenezwa ndipo amplifaya inapopata haki yake. Redio ya kawaida inayotumia umeme wa betri moja kwa moja haiwezi kutoa nguvu nyingi hata ikisifiwa vipi, kwa sababu nguvu hutegemea volti: mfumo wa volti 14.4 ukiendesha spika yenye ukinzani wa omu 4, yaani kipimo cha namna spika inavyouzuia mkondo wa umeme, hukomea kinadharia kwenye wati 26 hivi za wimbi safi kwa kila spika. Amplifaya huvuka mpaka huo kwa kuwa na kisehemu ndani yake kinachopandisha volti kabla ya kukuza ishara, au kwa kutumia spika za omu 2, ambazo huvuta mkondo maradufu. Kati ya aina za amplifaya, ile ya daraja la D ndiyo iliyoshinda katika pikipiki, na kwa sababu nzuri: badala ya kuzuia umeme kwa kiasi na kuupoteza kama joto, transista zake huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa mno, na hivyo karibu asilimia 80 au zaidi ya umeme unaoingia hufika kwenye spika. Amplifaya ya wati 400 ya daraja la AB, ile inayozuia umeme kwa kiasi, ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60 ingepoteza wati 267 kama joto, ndani ya gamba la plastiki lisilopitisha hewa ya kutosha, karibu na injini ambayo yenyewe ni tanuri.

Kuhusu umeme wenyewe, hesabu ni fupi na haina huruma. Amplifaya ya daraja la D ya wati 400, ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, huvuta wati 500 inapofikishwa ukomo wake, ambazo katika volti 14 ni takriban ampea 36, ilhali mfumo wa kuchaji wa pikipiki kubwa za safari za Harley-Davidson huzalisha takriban ampea 50 injini ikiwa katika mwendo, na kati ya hizo lazima zitolewe za kuendesha pampu ya mafuta, mfumo wa kuwasha injini, taa na kompyuta. Kinachookoa hali ni kwamba muziki si mlio usiokatika. Vilele vyake hudumu kwa muda mfupi, na wastani wa matumizi huwa sehemu ndogo ya ukomo. Hata hivyo, injini inaponguruma polepole kwenye foleni uzalishaji hushuka, na ikizimwa kabisa betri hubaki peke yake: betri ya ampea-saa 28, ikivutwa ampea 10 tu, kwa nadharia huisha kabla ya saa tatu, na uwezo wa kuwasha injini humtoroka mwenyewe mapema zaidi ya hapo. Ndiyo maana wenye busara hubadilisha taa za zamani kwa za LED kabla ya kuongeza amplifaya ya pili, na hutafuta spika zenye wepesi wa kuitikia, kwani spika itoayo desibeli 96 kwa wati moja hutoa kwa wati 50 sauti ambayo spika ya desibeli 90 ingeitaka kwa wati 200. Hakuna amplifaya iliyo rahisi kama hiyo.

Ufungaji una masharti yake yanayojulikana. Waya wa chanya hutoka moja kwa moja kwenye betri na kuwekewa fyuzi karibu na betri yenyewe, si karibu na amplifaya, kwa kuwa fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukichubuka njiani. Waya wa hasi nao hurudi kwenye betri badala ya kufungwa kwenye fremu iliyopakwa rangi, la sivyo mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata injini utasikika kwenye spika. Mtetemo hulegeza kila kiungo, mvua hupenya kila tundu, kwa hiyo vifaa vinavyofaa ni vile vilivyotengenezwa kustahimili maji.

Kosa linaloua spika nyingi zaidi hutokea mwishoni, wakati wa kuoanisha redio na amplifaya. Kitasa kidogo cha kuzungusha kilichopo kwenye amplifaya huonekana kama cha kuongeza sauti, lakini sicho. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na ukubwa wa ishara inayoipokea, na kikizidishwa amplifaya hufikia ukomo wa volti zake, vilele vya wimbi hukatwa bapa, na koili hupikwa. Njia ya uhakika ni kukata spika, kupiga mlio wa majaribio wa hezi 1,000, kupandisha redio hadi kiwango cha juu ambacho bado ni safi, kisha kuzungusha kitasa huku mita ya volti ikiwa kwenye ncha za spika mpaka isome kipeuo cha pili cha zao la wati na omu: kwa wati 100 na omu 4, jibu ni volti 20, na hapo mkono huondolewa.

Swali la masikio haliwezi kukwepwa. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hukatwa nusu, hivi kwamba desibeli 100 huruhusiwa kwa dakika 15 tu. Mwendeshaji wa barabara kuu tayari amekimaliza kibali hicho kwa upepo peke yake, kabla redio haijawashwa. Vizibo vya masikio hupunguza upepo na muziki pamoja, na wengi waliovijaribu hugundua kwamba muziki husikika wazi zaidi, kwa kuwa sikio lililolemewa hushindwa kupambanua sauti.

Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako bodaboda nyingi hupita zikipiga muziki kwa spika zilizofungwa karibu na usukani, fizikia ni ileile ila bajeti ya umeme ni ndogo zaidi, kwani pikipiki hizo za injini ndogo zina betri ya ampea-saa chache na uzalishaji mdogo wa umeme. Mwendo wa mjini, kwa bahati, hauleti upepo wa kilomita 120 kwa saa, na spika mbili zenye wepesi wa kuitikia pamoja na amplifaya ndogo ya daraja la D yenye kichujio cha besi hutosha kabisa. Tatizo liko madukani, ambako boksi la amplifaya isiyozidi ukubwa wa kiganja huandikwa wati 1,000 bila aibu. Mnunuzi na aiache namba ya boksi, aitazame fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwa amplifaya, azidishe ampea zake kwa 14 na kisha kwa 0.8: amplifaya yenye fyuzi ya ampea 20 haiwezi kutoa zaidi ya wati 224 kwa mfululizo, liandikwe lolote litakaloandikwa juu ya boksi.